Vijiti Vilivyonyooka Mno

Goma, Jumatatu 15 Septemba 1958

Kaye hii, yaani daftari, ni ya katekisimu. Nimeigeuza kichwa chini na kuanza kwa nyuma, ili mtu akiifungua mbele akutane na amri za Mungu, achoke, aifunge. Naandika Kiswahili. Nikiandika Kifaransa nahisi kama mtu amesimama nyuma ya bega langu anangoja nikosee.

Leo Masera Godelieve, mtawa anayetufundisha hesabu na fizikia, alitupima macho. Alifunga madirisha yote ya koridoo, akasimama mwisho kule na saa mkononi, ile yenye rangi ya radium inayong'aa kidogo gizani. Wasichana kumi walishindwa kuiona. Mimi nilisema naiona, kwa sauti ndogo. Émérance Kahindo akasema anaiona na tena haina mishale.

"Vizuri," Masera akasema. "Mimi mwenyewe siioni." Macho yake yana ukungu tangu mwaka jana. Anasoma kwa kusogeza karatasi hadi puani.

Kumbe anatafuta macho ya kumsaidia katika kazi yake, anayoiandikia profesa wake Ulaya. Akatueleza mimi na Émérance: shule ya walimu wa kike kule Bukavu ina nafasi moja baada ya Noeli. Moja tu. Ataandika jina la yule ambaye yeye Masera anaweza kutia sahihi chini ya kazi yake.

Tulipotoka Émérance akanigonga kiuno. "Umesikia? Sasa miye na weye tuko kama kuku mbili na funza moja."

Nilicheka kidogo tu. Baba yangu Nzabonimpa amekwisha kusema: ni Bukavu, ama nirudi Kiwanja nyuma ya mizani yake ya maharage mpaka mtu aje aniombe.

Alhamisi 18 Septemba

Chumba ni stoo ya zamani ya viazi, kuta za mawe meusi ya mulima wa moto, hakuna dirisha. Masera ameziba kila ufa kwa matambara. Mlangoni kuna mapazia mawili ya bulangeti nyeusi, na kati yake nafasi ya mtu mmoja kusimama. Harufu ya viazi haijatoka.

Kazi iko hivi. Kuna sahani ndogo ya bati iliyopakwa unga wa zinki na salfa. Ukiumulika kwa taa ya pampu dakika moja kisha ukazima, unga unabaki unang'aa kijani peke yake, na kijani kinafifia. Kando yake kuna ile saa isiyo na mishale, ambayo nuru yake haibadiliki. Mbele ya saa kuna kioo kirefu cha ngazi arobaini, kila ngazi nyeusi kuliko iliyoitangulia. Unakisogeza kioo mpaka saa na sahani vionekane sawasawa machoni. Hapo unahesabu ngazi kwa kidole, toka ile nyeusi kabisa.

Huwezi kuandika gizani. Kwa hiyo kuna ubao wenye matundu. Masera anakaa nje na kugonga mlango kila dakika mbili. Akigonga, unachomeka kijiti kimoja katika tundu la ngazi uliyoiona, kisha unaenda safu ya pili. Safu ni arobaini na tano. Saa moja na nusu, bila kusema neno, na kabla ya hapo nusu saa ya kungoja macho yaive.

Émérance ameuliza kama mtu anaweza kuimba mule ndani. Masera amekataa.

Jumamosi 20 Septemba

Leo alitueleza kinachong'aa. Zinki na salfa zimepangana kama askari paredini. Katikati yake kuna shaba kidogo sana, kama punje ya chumvi katika sufuria ya kulisha shule nzima. Mwanga ukipiga, elektroni inapata nguvu, inaacha kiti chake na kukimbia. Lakini ndani ya unga kuna mashimo. Inatumbukia, inakwama. Joto la chumba linaitikisatikisa mpaka linaitoa. Ndipo inarudi kukaa penye shaba, na nguvu iliyobaki nayo inaitupa: ndiyo hiyo nuru ya kijani.

"Masera, na ile mashimo yote iko sawasawa?" Émérance akauliza. "Ju kwetu Butembo fuko anachimba kila namna." (Kwao "ju" ni kwa sababu, na "njo" ni ndiyo.)

"Sawasawa. Ndiyo maana kuna sheria moja. Kila dakika nne, nuru inabaki nusu. Kila ukigongewa, kijiti kitashuka matundu mawili. Baada ya dakika arobaini, giza. Vijiti vitashuka kwa mstari ulionyooka."

Alichora ule mstari ubaoni bila rula. Ulinyooka kweli.

Jumatatu 22 Septemba

Zamu yangu ya kwanza. Mwanzoni vijiti vilishuka vizuri, mbili, mbili. Halafu vikaanza kuchelewa. Mbili, moja, moja. Dakika ya arobaini nilingoja giza, na giza halikuja. Kijani kilikuwapo bado, hafifu, kama pumzi kwenye kioo, lakini kipo. Mpaka safu ya mwisho kilikuwapo.

Masera anausoma ubao kwa vidole, kama kipofu, na kuuandika katika kaye ya kila mmoja wetu. Alipofika katikati vidole vikasimama.

"Ulitikisa kichwa, Pascasie."

"Ndiyo, Masera."

Sikutikisa.

Jumatano 24 Septemba

Vilevile. Vimeshuka, vikalala. "Macho yamechoka," Masera akasema. "Haina neno. Utazoea."

Ijumaa 26 Septemba

Niseme ukweli hapa kwa kuwa hakuna pengine.

Nilikuwa gizani, safu ya nane, na kijiti kilikuwa kinataka kushuka tundu moja tu. Nikafikiri: Masera amesoma miaka mingapi, na mimi miezi mingapi? Yeye anajua inavyopaswa kuwa. Kama jicho langu halioni inavyopaswa, ubovu ni wa jicho. Nikahesabu mawili. Na mawili. Na mawili. Dakika ya arobaini nilifika chini kabisa, nikakaa na mikono mapajani, nikiitazama ile nuru ambayo nimekwisha kusema haipo.

Nyumbani kwetu mkubwa akishasema jambo, mtoto harekebishi. Baba akimwambia mgeni kwamba ng'ombe yule ametoa vibuyu vinne vya maziwa, na mimi niliyevipokea kwa kaka najua ni viwili, nikiulizwa nasema vinne. Wala si uongo. Ni heshima. Mgeni mwenyewe anajua.

Masera alipitisha vidole juu ya vijiti vyangu toka juu hadi chini, taratibu, mara mbili. "Voilà des yeux!" akasema. Hayo ndiyo macho. Akanipapasa shavu. Tangu nije shule hii hakuna aliyenigusa shavu.

Jumatatu 29 Septemba

Mvua. Zamu ya Émérance ilikuwa jana; hapana, ilikuwa Jumamosi. Vijiti vyake vililala.

Jumanne 30 Septemba

Zamu yangu. Vimenyooka.

Jumamosi 4 Oktoba

Zamu yangu. Vimenyooka. Mvua.

Jumatano 8 Oktoba

Tulikuwa tunaosha sahani za supu. Émérance akaniuliza polepole, "We Pascasie, uko naona nini mule?"

"Kama wewe."

"Miye minaona ile kitu haiishe. Masera anagonga ya mwisho, bado iko. Siku ya baridi njo mubaya zaidi, inakawia kama mugeni wa arusi." Akanitazama usoni. "Na weye yako inaisha dakika arobaini? Kila siku?"

"Labda macho yako ni mazuri kuliko yangu."

"Ah! Mutoto wa ng'ombe na maziwa anajua kusifu watu." Akanirushia povu. Nilicheka kwa kuchelewa.

Alhamisi 16 Oktoba

Mvua siku ya nne. Barabara ya Rutshuru imekatika, barua hazitoki. Nguo hazikauki, tunavaa mbichi. Zamu yangu: vimenyooka. Sasa hata kioo sikisogezi. Nakaa gizani nahesabu mawili mawili kwa vidole, kama rozari. Saa moja na nusu. Siku nyingine nafumba macho nisiione.

Jumanne 21 Oktoba

Masera amezichora siku zangu zote kwa wino kwenye karatasi moja kubwa. Mistari imelaliana mpaka inaonekana mmoja. Za Émérance amezichora kwenye karatasi nyingine, kwa krayon, penseli ya kufutika.

Ijumaa 24 Oktoba

Émérance amefukuzwa katika kazi.

Masera alituita sote wawili, akaweka karatasi mbili mezani. Akasema Kifaransa, ambacho hukitumia akikasirika. Alisema mwanafunzi mmoja anafanya kazi, mwingine analala mule ndani na akiamka anachomeka vijiti popote.

"Silale, Masera," Émérance akajibu kwa Kiswahili. "Naona ile naona."

"Mwenzako anaona sheria. Wewe unaona nini?"

"Naona nuru inabakia. Na tena siku moja nilisikia baridi, nikaweka mikono chini ya kwapa ju ilikuwa naganda, na sahani nayo nikaiweka mule ipate joto. Nilipoitoa ilikuwa imeamka! Iling'aa kuliko mbele. Kama imekwisha kufa, ingeamka namna gani?"

Masera akazikusanya karatasi. Kisha akasema polepole sana, "Umeitoa sahani mahali pake. Umeitia kwapani. Sahani iliyotoka Ulaya."

Hakusikia lingine. Mimi nilisikia. Nilikuwa nimesimama hatua moja kutoka kwa Émérance. Akageuka akanitazama, akangoja. Ulimi wangu ulikuwa mdomoni, najua ulikuwapo, niliugusa kwa meno.

Masera akauliza, "Pascasie, wewe umewahi kuona jambo kama hilo?"

"Hapana, Masera."

Na ni kweli sikuwahi. Sikuwahi kuitia kwapani. Nimeandika sentensi hiyo mara tatu ili nione kama itakaa vizuri. Haikai.

Jumatatu 27 Oktoba

Sasa zamu zote ni zangu. Émérance amepelekwa chumba cha pasi kwa Mama Apolline, kupiga pasi nguo za kanisa kila alasiri. Masera amesema atamwandikia baba yake, muzee Sikuli, aje kumchukua wakati wa Noeli asirudi tena. Émérance ni mtoto wa saba kwao. Wa kwanza kusoma.

Jumanne 28, Jumatano 29, Alhamisi 30

Vimenyooka.

Jumatano 5 Novemba

Masera amenipa picha ya mtakatifu Lusia, mlinzi wa macho. Nyuma ameandika jina langu kamili kwa mwandiko mkubwa wa mtu asiyeona. Nimeificha chini ya godoro. Sitaki kulala juu yake, nikaihamisha. Sasa imo katika kitabu cha jiografia.

Jumatatu 10 Novemba

Bwenini Émérance hanisemeshi. Hanitukani pia. Ananipitishia chumvi mezani kama anavyompitishia mtu yeyote. Ningependa anitukane.

Nimefikiri tena juu ya yale mashimo. Masera anasema elektroni iliyokwama haijui kitu, inangoja tu joto. Mimi nilitumbukia siku moja tu, Ijumaa ile, shimo fupi, siku ile ningeweza kutoka kwa neno moja, "Masera, nilikosea." Siku ya pili ilikuwa maneno mawili. Sasa ni zamu zaidi ya ishirini, na Émérance ndani yake.

Ijumaa 14 Novemba

Mvua ya mawe. Vimenyooka.

Jumatano 19 Novemba

Leo Masera alikuwa na homa, hakuja kugonga mlango. Aliniambia nifanye mwenyewe kwa kuhesabu. Nikaona ndiyo siku.

Nilipita chumba cha pasi wakati Émérance ameenda kuchota maji. Pasi zao ni vipande vizito vya chuma vyenye mkono, hazina makaa ndani, zinapashwa juu ya jiko. Nikaomba moja kwa Mama Apolline, nikasema ni ya Masera, ana baridi miguuni. Uongo mwingine. Nikaifunga kwenye bulangeti nikaiweka kati ya mapazia mawili.

Nilikuwa nimemulika sahani mapema. Ilikuwa imepita saa nzima. Kwa vijiti vyangu ilikuwa imekufa dakika ishirini nyuma. Niliitazama kwa uaminifu kwa mara ya kwanza tangu Septemba. Ilikuwapo, kijani cha mbali, kama kijiji kinachoonekana kupitia ukungu. Nikaichukua kwa kitambaa, nikaiweka juu ya pasi.

Mwanzo hakuna kitu. Kisha ukingo ukaanza. Kisha ikawaka yote. Niliona mikono yangu! Niliona ukuta, mawe, gunia. Ilikuwa kijani cha jani la muharage likipigwa na jua, ikakaa hivyo muda wa Baba Yetu moja, ikashuka, ikazimika. Baada ya hapo palikuwa na giza la kweli, ambalo sikuwahi kuliona mule chumbani. Hapo ndipo nilijua giza lenyewe linafananaje, na kwamba katika zamu zangu zote halikuja hata siku moja.

Elektroni zilikuwa bado zimekwama mule, nyingi hivyo. Émérance alisema kweli neno kwa neno.

Alhamisi 20 Novemba

Masera amepona. Nilienda mpaka mlango wa ofisi yake. Nikarudi.

Ijumaa 21 Novemba

Nilienda. Nikagonga. Akasema "Entrez", nikaingia, nikamwomba chaki.

Jumanne 25 Novemba

Nimeomba chaki tena. Nina chaki tano.

Alhamisi 27 Novemba

Masera ametangaza darasani: jina langu litaondoka na lori la misheni Jumatatu, pamoja na karatasi ya mistari iende Ulaya. Wasichana wamepiga makofi. Émérance naye alipiga, makofi mawili, kavu.

Baba ameandika. Amesema amewaambia watu wa soko la Kiwanja wote.

Ijumaa 28 Novemba

Sikula. Alasiri nilienda chumba cha pasi. Émérance alikuwa anapiga pasi albu, kanzu nyeupe ya padri, jasho linamtoka. Mama Apolline alikuwa nje anaanua nguo.

Nikasema, "Yangu ni ya uongo."

"Nini yako?"

"Vijiti. Vyote. Nilikuwa nahesabu mawili mawili. Niliona kama wewe. Tangu siku ya kwanza."

Hakuacha kupiga pasi. Akamaliza mkono wa kushoto, akageuza, akaanza wa kulia.

"Najua," akasema.

"Ulijua?"

"Mutu gani anaweza kuona sawasawa siku arobaini? Hata saa ya kanisa inakosea." Akaweka pasi chini. "Nilingoja useme. Siku ya kwanza nikasema, leo ana haya, atasema kesho. Ile kesho yako ni ndefu, Pascasie. Baba yangu amekwisha kupata barua. Unajua amefanya nini? Hakuja kunipiga; mutu wa kwetu ameniambia. Amelala mbele ya watu, mchana, muzee Sikuli ambaye halalagi kamwe."

Nilianza kulia. Akakasirika zaidi.

"Usinililie hapa, utalowesha nguo ya padri. Unataka nini? Nikusamehe?"

"Nataka uniletee pasi ya moto kesho, saa tisa na nusu. Uniletee mule ndani. Masera atakuwapo."

 "Ile ya kwapa," akasema.

"Niliijaribu. Inawaka chumba kizima. Hata yeye ataiona."

"Na ikiwaka, vijiti vyako vitasema nini?"

"Vitasema mimi ni mwongo."

Akachukua pasi, akatema mate kidogo chini yake kuipima. Ikalia chwii. "Saa tisa na nusu," akasema. "Na usiombe chaki."

Kumbe shule nzima inajua habari ya chaki.

Jumamosi 29 Novemba

Nitaandika yote.

Saa nane na nusu nilimwambia Masera, "Tafadhali, leo uingie nami." Akacheka, akasema mule ndani yeye ni gunia la viazi. Nikasema tena. Sijawahi kumwambia mtu mzima jambo mara mbili. Akaingia.

Nilimulika sahani, nikazima. Tukakaa, yeye juu ya gunia, mimi mbele ya kioo. Mwanzoni alikiona kijani, akafurahi kama mtoto. "Ah, hiyo naiona! Sasa inapungua... sasa siioni tena. Endelea wewe." Mvua ilianza juu ya mabati.  Nilisikia rozari yake. Nilikuwa nafikiria mlango, kwamba uko hatua nne na ninaweza kusema naumwa tumbo.

Saa nzima ilipopita nikasema, "Masera, kwa sheria yako sasa kuna nini kwenye sahani?"

"Hakuna. Tangu dakika ishirini."

"Mimi naiona. Iko tundu la kumi na moja."

Rozari ikasimama. "Leo macho yako..."

"Si leo. Kila siku."

"Kaye yako inasema sifuri."

"Kaye yangu ni uongo, Masera."

Hapo pazia la kwanza likasogea, Émérance akangoja kati ya mapazia kama tulivyopatana mpaka mlango umefungwa nyuma yake, kisha akaingia. Nilisikia joto la pasi kabla yake. Hakuna aliyesalimia. Nikamshika Masera mkono, sijui nilipata wapi uthubutu, nikamwambia tazama hapa, mbele yako. Nikaweka sahani juu ya chuma.

Ikawaka.

Nilimwona Masera usoni, kijani, mdomo wazi, miwani ikimeta. Nilimwona Émérance ameinama na kitambaa mkononi. Sote watatu tulionekana, kisha tukapotea polepole, kwanza ukuta, kisha mikono, kisha sahani yenyewe.

Masera akasema gizani, "Siku ngapi?"

"Zamu arobaini na moja. Za kweli ni mbili. Za kwanza mbili, zile ulizosema nimetikisa kichwa."

"Kwa nini?"

Nilikuwa nimepanga jibu la Kifaransa, refu. Lilinitoka lingine. "Ulikuwa umekwisha kusema, Masera."

 Kisha akainuka, akagonga goti kwenye meza, akapapasa mapazia, akatoka. Mlango ukabaki wazi. Mwanga ukaingia mpaka kwenye sahani.

Émérance akaichukua pasi yake. "Funga mulango," akasema, "utaharibu unga."

Jumapili 30 Novemba

Masera hakuja kwenye misa ya kwanza. Mama Apolline anasema ofisini kwake taa ya pampu iliwaka mpaka asubuhi.

Jumatatu 1 Desemba

Lori limeondoka bila karatasi ile. Jina lililoenda Bukavu ni la Émérance Kahindo.

Masera alienda mwenyewe chumba cha pasi kumwambia. Émérance anasema alisimama mlangoni kama mtu anayekuja kuomba moto, akasema, "Uliuliza kama mashimo yote yanalingana. Nilipaswa kukuuliza kwa nini unauliza." Basi. Kisha akaondoka akijigonga kwenye kamba ya nguo.

Mimi hajanisemesha.

Jumatano 3 Desemba

Ameniita. Karatasi yangu ya wino ilikuwa mezani, imepigwa mstari mmoja mwekundu kutoka kona mpaka kona.

Alisema amenikosea na mimi nimemkosea, na kwamba makosa haya mawili hayafutani. Alisema atamwandikia baba yangu ukweli, hatanipaka matope wala hatanifunika. Nikasema ndiyo. Akanitazama kwa macho yake ya ukungu. "Ndiyo ya nini? Ya kukubali, au ya kunifurahisha?"

Sikujua. Nikamwambia sijui. Nadhani lile ndilo jibu la kwanza alilolipenda.

Kisha akanieleza, na mikono yake ikaanza kusema pamoja naye kama darasani. Mashimo hayalingani. Shaba haikupangwa, ilianguka hovyo, hapa chembe zake zimesongamana, pale hakuna, na kila moja imepinda mahali pake kwa namna yake. Kuna mashimo mafupi, elektroni inatoka mara moja. Kuna marefu. Na iliyokwama inaweza kurukia shimo la jirani lililo chini zaidi, na kutoka hapo lingine, ila kila ikishuka, lililo chini zaidi liko mbali zaidi, na mruko unachukua muda mrefu zaidi. Kwa hiyo hakuna sheria ya nusu. Mwanzo ni haraka, halafu pole, halafu pole ya pole. Vijiti vya Émérance vilikuwa vinaandika hilo, na siku za baridi vilikuwa vinaliandika kwa herufi kubwa.

"Tunaanza tena," akasema. "Kesho. Mpaka baba yako aje."

"Mimi, Masera?"

"Unamwona nani mwingine mwenye macho? Émérance ana masomo ya kujitayarisha. Sikupi nafasi, wala picha, wala sifa. Nakupa ubao."

Jumamosi 6 Desemba

Zamu yangu. Ni vigumu kuliko nilivyodhani. Vidole vimezoea mawili. Mara nne nilichomoa kijiti nikakirudisha juu.

Jumanne 9 Desemba

Émérance ameshona sanduku lake la nguo kwa gunia. Nilimsaidia kushika kamba. Nikamwuliza kama bado amenikasirikia.

"Ju ya Bukavu, hapana, miye njo naenda. Ju ya baba yangu, ndiyo. Ile itakawia." Akakata uzi kwa meno. "Utaniandikia. Lakini si barua za sifa. Niambie mvua ilinyesha ngapi, nani ameanguka, supu ilikuwa mubaya namna gani. Nikisoma 'sisi sote wazima', natupa."

Alhamisi 11 Desemba

Baba atakuja tarehe ishirini. Barua yake ina mistari miwili. Ameandikiwa na mtu wa duka, maana herufi si zake, lakini maneno ni yake: nitayarishe vitu vyangu vyote, si nusu.

Mvua.

Ijumaa 12 Desemba

Leo Émérance ameondoka na lori la asubuhi, apitie kwao kwanza, halafu Bukavu baada ya Noeli, amekaa mbele pembeni ya dereva, ameshika sanduku kana kwamba kuna mtu atalinyang'anya. Alinipungia mara moja.

Alasiri niliingia stoo. Baridi kali, ukuta unatoa maji. Masera yuko nje na saa yake ya mishale. Alikuwa ameniambia kwamba usiku amekaa na hesabu mpya, hesabu ya mashimo yasiyolingana, na sasa anaweza kujua kabla ya wakati kila kijiti kitaangukia wapi. Alikuwa na furaha. Nilisikia furaha hiyo kwa jinsi alivyokuwa akigonga.

Vijiti vilishuka, vikapunguza mwendo, vikalala. Safu ya thelathini, kumi na moja. Nikaendelea. Dakika ya tisini hakugonga. Akaita kupitia mlango, jambo ambalo hajawahi kulifanya.

"Pascasie! Bado?"

Sauti yangu haipiti mapazia mawili. Ilibidi nipige kelele. "Bado, Masera! Tundu la tisa!"

 Kisha, "Una hakika? Kwa hesabu yangu ni la saba."

Nikatazama tena. Nilikisogeza kioo mpaka la saba, sahani ikawa inang'aa kuliko saa. Nikakirudisha. Sahani, saa, sahani. Moyo ulinipiga mpaka kijani kikawa kinaruka nao. Nikangoja kitulie.

"La tisa, Masera."

Mvua ilikuwa inapiga mabati. Nilishika kijiti ndani ya tundu lake ili kisitoke.  Kisha akagonga ile ya dakika ya tisini, na kijiti kikabaki la tisa.